Alama Zinazohesabu Nauli: Kasoro za Mashindano Yetu ya Baiskeli



Mwezi Septemba 2025 barabara za Kigali zilipokea Mashindano ya Dunia ya Baiskeli, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Tulisimama kandokando ya barabara tukawashangilia wageni wakihema kwenye vilima vyetu. Tulijivunia, na tulistahili kujivunia. Lakini nyumba haisifiwi kwa sebule pekee. Nyuma ya sebule ile kuna ua, na uani ndiko wanakofundwa waendeshaji wa kesho. Nazungumzia mashindano ya ridhaa ya mikoani, ambamo vijana hukusanya alama kutoka mbio moja hadi nyingine mpaka msimu uishe na bingwa atangazwe. Leo nataka kuusema ua huo, na sitausifu.

Nina sababu. Mwanafunzi wangu mmoja alishiriki mbio tatu katika msimu mmoja, akashinda mbili. Alama zilipojumlishwa, jina lake halikuwamo miongoni mwa waliochaguliwa kwenda kambi ya mazoezi. Miongoni mwa waliomtangulia walikuwamo vijana wasiowahi kushinda hata mara moja. Walichomzidi ni mahudhurio tu. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani alama zinahesabu miguu au zinahesabu nauli?" Siku ile sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme msimu una mbio nane, na mshindi wa kila mbio hupewa alama 25, wa pili 20, wa tatu 16, wa nne 13 na wa tano 11. Kamana anakaa Kigali, karibu na njia zote. Anahudhuria mbio zote nane, na kila mara anamaliza wa tano. Anapata alama 88. Nkusi anatoka Rusizi, ncha ya kusini-magharibi ya nchi. Uwezo wa familia yake ni wa safari tatu tu. Anakwenda mara tatu, anashinda mara tatu, na anapata alama 75. Bingwa ni Kamana! Hajawahi kushinda mbio, wala hajawahi kumpita Nkusi walipokutana, lakini kombe ni lake.

Wapo watakaoniambia, "Penye nia pana njia, aliyetaka kweli angekuja." Methali hiyo ni njema, ila isitumiwe kumziba mdomo maskini. Nia haipandi basi. Kijana anayebeba abiria kwa baiskeli, hao tunaowaita abanyonzi, akiacha kazi siku mbili ili akashindane Nyagatare, amepoteza nauli na amepoteza pia chakula cha siku mbili. Tukimlinganisha na mwenzake ambaye mbio zinapita mlangoni kwao, kisha tukasema sheria ni moja kwa wote, tutakuwa tumeuita upendeleo kwa jina la usawa.

Kasoro ya pili ni kwamba kila mbio hupewa thamani moja. Ushindi dhidi ya waendeshaji sita unalipwa sawa na ushindi dhidi ya sitini. Iwapo alama hutolewa kwa kumi wa kwanza na walioanza ni sita, basi hata wa mwisho anavuna alama kwa kufika tu. Mjanja akilijua hilo huzikimbia mbio ngumu na kuzifuata zile zisizo na watu.

Kasoro ya tatu ni kuwachanganya wote katika chungu kimoja. Mzoefu mwenye baiskeli nyepesi na kocha huwekwa pamoja na kijana wa kidato cha tatu aliyeazima kofia ya kinga. Wasichana wanaanza pamoja na wavulana na kuhesabiwa katika orodha moja, kisha tunashangaa kwa nini wasichana hawarudi msimu unaofuata.

Kasoro ya nne, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote, ni giza. Kanuni hazibandikwi popote kabla ya msimu. Wawili wakilingana kwa alama, uamuzi wa nani awe juu hufanywa mezani, baada ya majina kujulikana. Hata kama mwamuzi ni mwadilifu kama malaika, sheria inayotungwa baada ya majina kujulikana haiwezi kuaminiwa.

Msidhani matatizo haya ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 1904, katika mashindano ya pili ya Tour de France, udanganyifu ulikithiri hata wanne wa kwanza wakafutwa wote, na ushindi ukaenda kwa kijana wa miaka 19, Henri Cornet. Kuanzia 1905 hadi 1912 waandaaji wakaacha kuhesabu muda, wakahesabu nafasi kwa alama. Dawa ile nayo ikaleta ugonjwa wake, kwa sababu aliyemtangulia mwenzake kwa sekunde moja alipata faida ileile ya aliyemtangulia kwa saa nzima. Mwaka 1913 wakarudi kwenye muda. Alama zilirejea mwaka 1953, lakini safari hii kama shindano la pembeni lenye jezi yake ya kijani. Funzo ni kwamba kanuni za alama ni kazi ya mikono ya binadamu, na kilichotengenezwa na mikono kinaweza kurekebishwa na mikono.

Basi turekebishe. Kwanza, zihesabiwe mbio nne bora za kila mwendeshaji. Katika mfano wetu Kamana atabaki na alama 44, na Nkusi atakuwa na zake 75. Waandaaji wanahofu kwamba vijana wataacha kuhudhuria. Hofu hiyo haina msingi, kwani anayehudhuria mara nane bado ana nafasi nane za kuboresha nne zake. Pili, mbio zizungushwe mikoani, ili kila mkoa uonje kuwa mwenyeji. Tatu, alama zipewe nusu ya juu ya walioanza, na mbio yenye watu wachache kuliko kumi ihesabiwe nusu thamani. Nne, pawe na madaraja, na anayefikisha alama fulani apandishwe apende asipende, asibaki chini akiwavunia wanagenzi. Wasichana wawe na orodha yao na zawadi sawa. Tano, kanuni zote, pamoja na ile ya kuwatenganisha waliolingana, zichapishwe kabla ya mbio ya kwanza. Matokeo yatolewe ndani ya siku mbili. Na kila mshiriki awe na muda na mahali pa kukata rufaa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji karatasi, kalamu na watu walio tayari kuulizwa maswali.

Kwa nini mwalimu wa Kiswahili anajishughulisha na baiskeli? Kwa sababu kijana anajifunza sheria ni nini mahali pale anapokutana nayo mara ya kwanza, na kwa wengi wenu mahali hapo ni uwanja wa michezo. Akiona huko kwamba kanuni hupindishwa na mlalamikaji huchekwa, hatasubiri somo la uraia kumfundisha vinginevyo.

Kazi yenu wiki hii: andikeni barua rasmi kwa waandaaji wa mchezo wowote mnaoucheza, mkiomba kanuni zao kwa maandishi. Ombeni kwa adabu, lakini ombeni. Mwanafunzi wangu ameshaandika yake. Bado anafanya mazoezi kila alfajiri.