Walinzi wa tumbo lako

BILA shaka umeliona jambo hili, mpenzi msomaji. Watu sita wanatoka arusini, wote wamekula pilau na kachumbari ile ile. Kesho yake wawili wanashinda msalani na wanne wanakwenda kazini kama kawaida. Wengi husema ni bahati. Lakini huenda siri imo matumboni mwao.

Mnamo 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, daktari Mjerumani Alfred Nissle alimchunguza askari mmoja ambaye hakuugua ilhali wenzake walikuwa taabani kwa kuhara. Katika kinyesi chake alipata aina ya bakteria ambao hawakumdhuru, bali waliwazuia wale waletao ugonjwa. Bakteria hao wanatumiwa kama dawa hadi leo.

Je, walinzi hawa hufanyaje kazi? Kwanza, hujaza nafasi. Utumbo uliojaa bakteria wema ni kama matatu iliyojaa abiria: anayekuja nyuma hana pa kukaa. Pili, hugombania chakula. Katika panya wa maabara, bakteria wa Nissle walionekana wakiwanyima salmonela madini ya chuma wanayohitaji ili wazaane. Tatu, baadhi yao, kama wale wanaogandisha maziwa, hutoa asidi isiyopendwa na viini vingi. Nne, huziamsha chembe za kinga zilizo katika ukuta wa utumbo ili adui akifika asizikute zimelala.

Kwa hivyo, usikimbilie kununua antibiotiki kila tumbo linaponguruma. Dawa hizo hazichagui. Huua mwema na mbaya, na nyumba ikibaki bila mlinzi, mwizi huingia. Zimeze tu kwa maagizo ya daktari.

Utawalisha vipi walinzi wako? Maharagwe, ndizi, sukuma wiki na ugali wa unga usiokobolewa vina nyuzi ambazo wao huzila. Maziwa lala nayo huongeza bakteria wema. Ukiyatengeneza nyumbani, chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia kijiko cha maziwa lala ya dukani, ufunike hadi kesho yake. Usigandishe maziwa mabichi ukidhani uchachu utaua kila kiini. Ugonjwa wa bruselosi huenezwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Si kila bakteria mwema anafaa kwa kila ugonjwa. Uchunguzi mara mbili uliochapishwa 2018, mmoja Marekani na mwingine Kanada, uliwahusisha watoto zaidi ya 1,800 waliokuwa wakihara na kutapika. Waliopewa bakteria hao hawakupona upesi kuliko wenzao. Mlinzi husaidia zaidi akiwa kazini kabla mwizi hajaingia.

Kwa hivyo mtoto akianza kuhara, usimtibu kwa maziwa lala. Mpe maji yenye chumvi maalum za kurudisha maji mwilini pamoja na tembe za zinki, umnyonyeshe au umlishe kama kawaida. Ukiona damu katika choo, macho yamebonyea au hawezi kunywa, mkimbize hospitalini mara moja.

Na walinzi wako usiwatwishe mzigo usio wao. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, osha mboga za kachumbari na upashe kiporo moto hadi kitokote.

Hadi Jumapili ijayo, kula salama.