Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ya Ngara: Chango la hedhi lisingoje vitamini D

Ndugu Mganga Mkuu,

Msichana wa kata yetu ya Mbuba mwenye simu anaweza kusoma leo kwamba vitamini D hutuliza maumivu ya hedhi. Habari hiyo ina chanzo. Mwaka 2012 watafiti wa Messina, Italia, waliwapa wanawake dozi moja ya uniti 300,000 siku tano kabla ya hedhi, na maumivu yakapungua kwa asilimia 41 hivi. Waliopewa dawa bandia hawakupata nafuu.

Lakini washiriki walikuwa 40 tu, tena waliochaguliwa kwa kuwa vitamini D yao ilikuwa chini ya nanomoli 112 kwa lita. Mwaka huohuo yalichapishwa majibu ya vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania: wastani wao ni 115, bila kidonge, kwa jua tu. Ngara iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na binti anayepalilia maharage mchana kutwa jua analipata. Wenye upungufu wanaweza kuwapo, ila asipewe dozi mtu ambaye hajapimwa. Uniti 300,000 ni kikomo cha mtu mzima cha siku 75 kumezwa kwa mkupuo, na vitamini D ikizidi mwilini kalsiamu hupanda kwenye damu na figo huumia.

Wakati huohuo, dawa iliyokwisha kuthibitishwa tunayo. Maumivu ya hedhi hutokana na prostaglandini, kemikali zinazoubana mfuko wa uzazi, na ibuprofeni huzuia zisitengenezwe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya tafiti 80 za wanawake 5,820, yalionyesha kuwa dawa za kundi la ibuprofeni hutuliza kweli, na zinaelekea kuishinda parasetamo. Hata hivyo, binti akilalamika bado huambiwa, "Hilo ni chango, ukizaa litaisha." Hakuna mwanafunzi anayepaswa kungoja uzazi ili aweze kukaa darasani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, ibuprofeni isikosekane katika zahanati za kata zetu. Pili, matroni na walimu walezi wafundishwe namna ya kuitumia: inywewe mara maumivu yanapoanza, baada ya kula, na asipewe mwenye vidonda vya tumbo. Tatu, binti ambaye dawa haimsaidii miezi kadhaa mfululizo apewe rufaa akachunguzwe hospitali, kwa sababu maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa endometriosisi.

Yote matatu yamo ndani ya mamlaka yako. Agizo lako liwafikie waganga wafawidhi na wakuu wa shule kabla muhula ujao haujafunguliwa.

Wako,
Mzazi, Kata ya Mbuba