Tusiisingizie lugha

Mara kwa mara hudaiwa, hata na baadhi ya walimu wa Kiswahili, kwamba lugha hii haiwezi kubeba fizikia ya juu kwa kuwa imepungukiwa na maneno. Mimi ni mwanaisimu wala si mwanafizikia, lakini historia ya nadharia moja imenithibitishia kwamba dai hilo halina mashiko.

Mwaka 1940 Carl Eckart aliioanisha elimu ya giligili zenye mnato na nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Baadaye Landau na Lifshitz walitoa toleo lao. Nadharia zote mbili zilikuwa na kasoro. Kwanza, ziliruhusu athari ya joto kuenea kwa kasi ipitayo ile ya nuru, jambo ambalo uhusianifu hauliruhusu. Pili, mwaka 1985 Hiscock na Lindblom walionyesha kwamba, kwa milinganyo hiyo, hata giligili iliyotulia ingevurugika vibaya kwa kuguswa kidogo tu.

Kiini cha tatizo kilikuwa nini? Eckart alipotaja mwendo wa giligili, alikusudia mwendo wa chembe. Landau na Lifshitz walikusudia mwendo wa nishati. Giligili ikitulia, maana hizo mbili hulingana. Joto likianza kutiririka, hutengana, na hata neno "halijoto" hukosa maana moja. Mwaka 2018 Bemfica, Disconzi na Noronha, na mwaka 2019 Kovtun, walibainisha kwamba maneno hayo yakifafanuliwa upya, kwa masharti maalumu, nadharia ya aina ileile huwa thabiti na hakuna athari inayoipita nuru.

Basi wataalamu hao hawakukosa maneno. Walichohitaji ni kuhoji maana ya maneno waliyoyazoea.

Najua mtahiniwa wetu wa fizikia huandika kwa Kiingereza, nami sidai aache. Ninachodai ni kwamba mwalimu amtake kwanza aeleze kwa Kiswahili halijoto ni nini, kabla ya kukariri kanuni. Atakayeshindwa hakuielewa hata kwa Kiingereza. Wala hatuanzi patupu: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Ni shule ngapi zinayo?

Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tusiisingizie lugha, tuwafunze wanafunzi wetu kufafanua.