Ngumi bila kisa

Ubishi kuhusu filamu za Dragon Ball, katuni za Kijapani, uwe Machakos au Tokyo, hauchukui muda kabla ya kugeuka hesabu ya misuli: nani angempiga nani. Swali hilo linachangamsha baraza, ila halituambii ni filamu ipi imesimuliwa vizuri. Bahati nzuri, mfululizo wenyewe umetuwekea mizani. Mhusika mmoja, Broly, amesimuliwa mara mbili: kwanza mwaka 1993, kisha upya 2018. Misuli ni ileile. Kilichobadilika ni kisa, na kisa ndicho kilichoifanya filamu ya pili iiache ya kwanza mbali.

Broly wa 1993 anamchukia Goku, shujaa wa mfululizo, kwa sababu walipokuwa wachanga walilazwa kando kwa kando, na kilio cha Goku kikamkera. Basi. Mtetezi wa filamu hiyo atasema kwamba mfalme wa sayari yao aliamuru mtoto huyo auawe, akachomwa kisu. Ni kweli, lakini filamu inamkabidhi baba yake, Paragus, dhuluma hiyo aibebe kama kisasi chake mwenyewe. Mwana anabaki kunguruma na kubomoa. Ndiyo maana hata kushindwa kwake hakuna uzito: wenzake Goku wanamchangia nguvu, ngumi moja inatua tumboni, mambo yamekwisha. Alirudishwa katika filamu mbili mwaka 1994, na zote mbili hazikumwongezea la maana.

Katika filamu ya 2018, ambayo Akira Toriyama aliiandika mwenyewe, Broly ana kipande cha ngozi ya kijani kiunoni. Mwanzoni unadhani ni pambo. Kisha anawasimulia Cheelai na Lemo, waliomwokoa kutoka sayari kame ya Vampa, kwamba hilo ni sikio la mnyama mkubwa aliyekuwa rafiki yake, na kwamba Paragus alilinyofoa kwa risasi ili urafiki huo usimtoe mwana kwenye mazoezi ya vita. Kwa sikio hilo moja tunamjua baba, tunamjua mwana, na tunajua anachokosa. Baadaye Broly anapopandwa na ghadhabu, hatuangalii tena zimwi. Tunamwangalia mtu aliyenyimwa utoto.

Kuna watakaosema zimwi halihitaji sababu. Ngano za Wakamba, ambazo John Mbiti alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1966, zina mazimwi yanayokula watu, na hakuna msikilizaji anayedai maelezo. Hoja hiyo ina nguvu, ila katika ngano zimwi huwa mtihani tu. Mwenye hadithi ni yule anayekabiliana nalo. Filamu ya 1993 ilimpa zimwi jina lake la Kiingereza, ikasahau kumpa hadithi. Wengine watalalamika kwamba nusu ya pili ya filamu ya 2018 ni mapigano matupu. Yamerefushwa, sikatai. Lakini tazama yanavyokoma: Gogeta, yaani Goku na Vegeta walioungana, yuko tayari kummaliza Broly, ndipo Cheelai anapoliomba joka linalotimiza matakwa limrudishe Vampa. Kinachomaliza vita ni huruma ya mtu aliyemfahamu kwa muda mfupi, wala si ngumi kubwa zaidi. Mwishoni Goku anamfuata huko na vyakula na vifaa vya kuishi. Ukiuweka mwisho huu kando ya ule wa 1993, hukumu inajitoa yenyewe.

Hukumu hiyo inatuhusu hapa nyumbani. Machakos ilijipa jina la Machawood enzi za gavana Alfred Mutua, na tangu hapo mazungumzo ya sinema yetu huvutwa upesi kwenye kamera, studio na fedha. Vyote vinahitajika. Hata hivyo, kumpa mhusika kipande cha ngozi kiunoni hakugharimu chochote. Kazi iko katika kujua kimetoka kwa nani, na ni nani aliyefyatua risasi.