Habari za Dunia ni Habari za Visiwani

Wapo wasemao kuwa gazeti la visiwani halina haja ya kujishughulisha na mambo ya dunia. Kwao, habari za ng'ambo ni pambo tu la kurasa za ndani. Rai hiyo hatuiafiki.

Mfano tunao mashambani. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Unguja na Pemba alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Nchi hiyo ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza. Bei ikaporomoka. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Dalili, basi, zilikuwa wazi mapema kwa yeyote aliyekwenda kutazama. Swali ni hili: nani alikuwa akimtazamia mkulima wa Wete?

Zama hizo habari nyingi za kimataifa zilipitia mashirika machache, kama Reuters, AFP na AP, ambayo hutanguliza yanayowagusa wateja wao wakubwa. Ndiyo maana tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride, katika ripoti yake ya 1980, ilidai habari zitiririke pande zote. Shirika la Habari la Afrika, PANA, likaanza kazi Dakar mwaka 1983. Nia ilikuwa njema, lakini fedha zilikuwa haba, na si kila serikali ilipenda habari zisizoisifu.

Leo habari hufika upesi, ila upesi si ufahamu. Mwaka 2016 waandishi zaidi ya 300 wa nchi nyingi waliungana kuzichambua Nyaraka za Panama, wakaonesha jinsi mali ya nchi moja inavyofichwa katika nchi nyingine. Ushirikiano wa namna hiyo ndio tuutakao, ila uitazame dunia kutoka ufukwe wetu.

Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani huuzwa nje, na bei yake huamuliwa huko. Joto la bahari nalo linauangamiza. Mwandishi anayefuatilia mambo hayo ahitaji takwimu za wizara, wala si hotuba. Tunawaomba viongozi wamfungulie milango. Karafuu ilitufunza kwa hasara. Mwani usitufunze vivyo hivyo.