Moshi wa Mwaka Mpya

Kila mwaka unapokaribia kwisha, wapenda anasa huzitoa sandukuni sigara nene za Havana walizozihifadhi, wakiamini kwamba kuzivuta usiku wa kuamkia Januari 1 ni ushahidi wa ustaarabu. Dai hilo halisimami. Ustaarabu wa sigara hizo haumo kinywani mwa mvutaji, umo masikioni mwa waliozisokota.

Mwaka 1865 ilianza desturi katika viwanda vya Havana ya msomaji kuwasomea wasokotaji magazeti na vitabu kwa sauti wakiwa kazini. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini ujira wa msomaji waliuchanga wenyewe. Mwaka uliofuata watawala wa Kihispania waliupiga marufuku usomaji huo, kwa kuwa waliliogopa neno linalosikiwa na wengi. Ulirudi, ukadumu. Hata jina Montecristo, lililoanza kutumika 1935, latokana na riwaya ya Alexandre Dumas.

Mvutaji anayejigamba kwa moshi huo, naye hakufungua kitabu mwaka mzima, amezidiwa elimu na msokotaji asiyejua herufi. Akitaka heshima ya sigara hiyo, na aanze kwa kumlipa msomaji.