Hedi Kubwa, Gari Zembe

Nimechoka kuambiwa "weka hedi kubwa." Nimeisikia kwa wauza vipuri, kwa makanika, na kwa vijana wa rika langu wanaopiga injini picha kila Jumapili kama mzazi kwenye ubatizo. Uliza hedi gani inafaa injini fulani, jibu ni moja: kubwa. Uliza kubwa kwa nini, unaangaliwa kama mtu aliyeuliza kwa nini mandazi hupikwa kwa mafuta. Na nisijifanye malaika, mimi pia nilikuwa nikiimba wimbo huo. Nililipa shilingi 85,000 kujifunza haya ninayoandika, na nusura nilipe na roho tatu juu yake.

Gari ni Corolla 110. Mpango ulikuwa ule wa kawaida wa msee asiye na pesa za injini mpya: chukua bloku ya 7A-FE, ile ya 1.8 iliyokuja kwenye Carina na Caldina, uivalishe hedi ya 4A-GE. Silinda za bloku zote mbili zina kipenyo cha milimita 81. Tofauti ni mwendo wa pistoni: 77 kwa 4A, 85.5 kwa 7A. Ndiyo maana moja ina cc 1,587 na nyingine 1,762. Kazi inataka pistoni zinazolingana na valvu za hedi hiyo, na fundi mwenye subira, lakini watu wamekuwa wakiifanya miaka mingi.

Sasa, hedi za 4A-GE zenye valvu 16 ziko za aina mbili, na ugomvi wangu unaanzia hapo. Kuna ile ya kwanza yenye poti kubwa, yaani makoo mapana ya kuingizia hewa. Kuna ile ya baadaye yenye poti ndogo. Niliyeenda kununua kwake alikuwa nazo zote mbili mezani. Akatia vidole viwili kwenye koo la ile kubwa, akavizungusha, akaniambia, "Boss, hii inapumua. Hiyo ingine ni ya mama wa kanisa." Ile kubwa ilikuwa ghali zaidi. Nikainunua. Bana, nani anataka ya mama wa kanisa?

Lakini waliotengeneza hedi ile, Toyota wenyewe, walijua shida yake tangu siku ya kwanza. Ilipotoka mwaka 1983 kwenye Corolla AE86, waliifungia kifaa wanachokiita T-VIS. Kila silinda ina njia mbili za kuingiza hewa. T-VIS ni vibao vinavyoziba njia moja kati ya hizo mbili injini ikiwa inazunguka polepole, halafu vinafunguka ikipita kama mizunguko 4,000 na kitu kwa dakika. Hebu fikiria. Mtu ametengeneza mlango mpana, kisha akalazimika kuufunga nusu kwa sababu upana ule unamuumiza muda mwingi wa safari. Huo si urembo, ni bandeji.

Mwaka 1989 wakaitoa bandeji. Walipunguza ukubwa wa makoo, wakaachana na T-VIS, wakapandisha uwiano wa mgandamizo kutoka 9.4 hadi 10.3. Injini iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi 120 kwa vipimo vya Japani ikaanza kutoa 140, tena kwenye mizunguko 7,200. Koo lilipungua, nguvu zikaongezeka. Sisemi ni koo peke yake. Mgandamizo ulichangia sana, na hata namna ya kupima hewa inayoingia ilibadilishwa. Lakini kama kubwa ndiyo bora kila mara, basi wale wahandisi walilala mwaka mzima, na sisi tuliosomea uhandisi kwenye video za simu ndio tuliokuwa macho.

Kinachotuponza ni kwamba tunawaza hewa kama haina uzito. Ina uzito, na kitu chenye uzito kikishachanganya mbio hakisimami ghafla. Muulize yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni Gikomba. Pistoni inaposhuka inavuta hewa kupitia lile koo. Inapofika chini kabisa na kuanza kupanda, valvu ya kuingizia bado iko wazi kwa muda mfupi, kwa makusudi. Hewa iliyokuwa na kasi inaendelea kujisukuma ndani ingawa pistoni imeshageuka, na silinda inashiba zaidi. Hewa iliyokuwa ikijikokota haina msukumo huo. Pistoni inapopanda inairudisha ilikotoka.

Na kasi ya hewa inatokana na nini? Ukubwa wa silinda, mbio za pistoni, na wembamba wa koo. Panua koo kwa robo, kasi ya hewa inapungua kwa moja ya tano papo hapo, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Ukiwa kwenye mizunguko 7,000, bloku ya 7A inataka kama lita 6,000 za hewa kwa dakika, na pistoni yake inakwenda kwa wastani wa mita 20 kwa sekunde. Hapo koo pana linaweza kukusaidia. Kwenye mizunguko 3,000 injini hiyohiyo inataka lita 2,600 tu, na pistoni inakwenda kama mita 8.5. Wewe unaendesha wapi? Usinidanganye. Mimi naendesha Jogoo Road saa kumi na mbili jioni.

Halafu kuna lile la hewa ya Nairobi. Nimelisikia hadi kwa watu ninaowaheshimu: ati kwa sababu tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, kwa hivyo tupanue makoo ili iingie ya kutosha. Inasikika kama akili. Si akili. Silinda inavuta ujazo uleule Nairobi na Mombasa. Kilichopungua ni uzito wa hewa ndani ya ujazo huo, karibu moja ya tano. Kupanua koo hakuongezi uzito wa hewa, kama vile kununua sufuria kubwa hakuongezi unga. Ukitaka kufidia mwinuko bila taabo, mgandamizo ndio unaokusaidia, kwa sababu huku juu silinda inaanza na hewa kidogo, na petroli inastahimili mgandamizo mkubwa kidogo kabla injini haijaanza kugonga. Yaani kitu kilekile Toyota walichofanya kwenye hedi ya mama wa kanisa.

Turudi kwa yangu. Makanika wangu wa wakati huo, kijana mcheshi sana, aliitoa T-VIS. "Hii inaziba hewa, buda." Kisha akachukua grainda ndogo akaingia kwenye yale makoo ambayo tayari yalikuwa makubwa, akayapanua zaidi. Nilikuwa nimesimama pale nikimshikia tochi. Nilifurahia ule unga wa alumini ukimwagika, kila chembe nikiiona kama farasi anayetoroka zizini kuja kwangu. Alumini iliyokatwa hairudi. Hilo hakuna aliyeniambia, au pengine niliambiwa na sikusikia kwa sababu ya kelele ya grainda.

Gari likawaka. Sauti, eish. Ukilisikia likipita ungesema kuna mashindano. Barabarani, chini ya mizunguko 4,500 lilikuwa zembe kuliko lilivyotoka na injini yake ya zamani. Nikajidanganya kwamba ni mimi sijazoea.

Jumapili moja nilikuwa natoka Nakuru na dada yangu na mtoto wake wa miezi minane. Baada ya Naivasha, ukianza kupanda kuelekea Kinungi, tulikuwa nyuma ya trela lililobeba mbao, linatembea kama linasindikiza maiti. Nikaona nafasi. Gia ya tatu, mizunguko 3,500, nikatoka, nikakanyaga hadi sakafuni. Injini ikanguruma. Gari halikuenda. Si kwamba halikwenda kabisa, lilikwenda kama mtu anayeamshwa. Nikawa sambamba na tairi za kati za trela wakati basi lilipotokea juu, taa zikiwaka na kuzima. Ningeteremsha gia ya pili, najua, niliambiwa hivyo na kila mtu niliyemsimulia. Kwa sekunde ile mkono haukukumbuka. Nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya trela, basi likapita na honi yake ndefu. Dada yangu hakupiga kelele. Alimfunika mtoto kichwa na mkono, halafu baada ya muda akaniuliza, "Si ulisema hii ni gari ya mbio?"

Kwa hivyo mtu akiniambia huu ni mjadala wa watoto wa magari, wa nambari na vipimo, namwelewa, lakini sikubaliani naye. Nguvu ya kuvuta katikati ya mizunguko ndiyo inayokutoa mbele ya basi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina haki yake. Magari ya mashindano yana makoo makubwa kweli. Injini inayoishi kati ya mizunguko 6,500 na 8,500, yenye kamshafti kali, giaboksi ambayo gia zake zimekaribiana, na dereva asiye na kitu kingine cha kufanya ila kubadilisha gia, inaihitaji hewa ile na italipa kila milimita. Tena bloku ya 7A, kwa kuwa ina ujazo zaidi kwa asilimia 11, inalijaza koo kubwa vizuri kidogo kuliko 4A. Ungeniambia hivyo ningekuvulia kofia. Lakini bloku hiyohiyo ina mwendo mrefu wa pistoni na konrodi za gari la familia. Haikuumbwa kukaa huko juu. Sasa unaipa hedi inayoamka mahali ambapo chini yake kunaanza kuvunjika. Hiyo ni ndoa ya aina gani?

Na si sisi tu. Ford wa Marekani walitoa V8 yao ya Cleveland mwaka 1970, lita 5.8, ikiwa na hedi za aina mbili: 4V yenye poti kubwa ajabu na 2V yenye poti ndogo. Ile 4V ndiyo yenye jina na sifa za mbio. Kwenye barabara za kawaida ilijulikana kwa uvivu wa chini, na wajenzi wengi wa magari ya mtaani wakajifunza kuipenda 2V. Kama lita 5.8 zilishindwa kuyashibisha makoo mapana kwenye taa za trafiki, wewe na 1.8 yako mnatafuta nini?

Lawama yangu kubwa haiendi kwa muuzaji. Yeye anauza anachoulizwa. Inakwenda kwa hii tabia yetu ya kuanza na kitu badala ya kuanza na kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza, kabla sijatoa pesa, gari hili litaishi kwenye mizunguko mingapi. Hakuna aliyeuliza uzito wake, gia zake, kamshafti iliyopo, au kama nitabeba mtoto. Tukikutana tunaulizana farasi wangapi, nambari moja ya kilele, kwenye mizunguko ambayo gari hulifika kwa sekunde mbili kwa siku. Hata wenye mashine ya kupima mkondo wa hewa kwenye hedi wanakuonyesha hewa nyingi kiasi gani inapita, valvu ikiwa imefunguliwa kabisa na mashine ikivuta bila kupumzika. Kasi yake hawakuonyeshi. Na valvu ya injini hai haikai wazi hivyo, inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde ukiwa kwenye mizunguko 3,000.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Industrial Area, fundi wa kusaga hedi tangu enzi za kabureta. Nilimpelekea yangu nikitaka akate kidogo upande wa chini ili mgandamizo upande. Alitia kidole kwenye koo, akakitoa, akanitazama. "Kijana, nani alikufanyia hivi?" Nikamwambia nilishika tochi. Akacheka hadi akakaa. Kisha akaniuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Gari unapeleka wapi?"

Nilitafuta hedi ya poti ndogo miezi mitatu. Usitazame rangi ya maandishi kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishwa kama masufuria kwenye harusi. Tazama makoo yenyewe, na uende na gasketi ya manifoldi ya aina unayoitaka uipachike hapohapo mbele ya muuzaji. Niliyoipata ilikuwa na mafuta yaliyoganda na boliti moja iliyokatika. Bei ilikuwa chini kuliko ile ya kwanza, kwa sababu bado ni ya mama wa kanisa.

Mwezi uliopita nilipanda Kinungi tena nyuma ya lori la makaa. Gia ya tatu, mizunguko 3,500. Dada yangu hayupo, amekataa kupanda gari hili hadi leo, na simlaumu.

Hedi ile ya zamani iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa gunia. Juzi kijana wa jirani, ana Corolla ya 1.6 anayoenda nayo kazini Westlands, alikuja kuiulizia. Nikamweleza yote haya, chai ikapoa. Akasikiliza vizuri, akaifungua gunia, akatia vidole viwili kwenye koo, akavizungusha.

"Lakini hii inapumua," akasema. "Unaniuzia ngapi?"